Robota la Katikati

Ndugu zangu, wekeni Biblia mapajani kidogo mnisikilize. Mfikirieni mama mmoja wa mji wa bandari, mtengenezaji wa batiki. Ana kikundi chake cha akina mama, wengi wao wajane. Wanachemsha rangi uani kwake, wanashona magauni, halafu wanazunguka mitaani kubembeleza watu wanunue. Siku moja akapatikana mteja wa ng'ambo, mwanamke mzaliwa wa huku huku aliyeolewa kule na kufungua duka la nguo. Akasema, "Dada, nileteeni kontena moja. Zikifika salama, nguo zote za duka langu zitatoka kwenu." Kwa wajane wale hilo halikuwa jambo dogo. Walikuwa wamechoka kufukuzwa kwenye vibaraza vya watu.

Wakafanya kazi kufa na kupona. Mambo yalikwenda vizuri mpaka wiki ya mwisho, mvua ikaanza. Na batiki, wanaoijua watanisaidia, lazima ichemshwe nta itoke, kisha ianikwe ikauke. Utaanika wapi mvua ikinyesha kutwa kucha? Wakaanika vyumbani, wakaanika barazani, wengine wakageuza vitanda vyao kuwa kamba. Zikakauka zote isipokuwa fungu la mwisho.

Asubuhi lori likaja, dereva anapiga honi. Wakala wa mizigo alishawaonya kwamba wakikosa meli ile, watangoja nyingine mpaka mteja akate tamaa. Yule mama akachukua pasi, akazipitisha zile nguo juu juu, moto moto, ili mkono ukigusa usikie joto tu. Wifi yake, aliyekuwa anakunja naye, akatia kiganja ndani ya mkunjo.

"Wifi, hizi mbichi."

"Ni joto la pasi hilo."

"Joto liko juu, ndani bado. Tuziache, wifi, ziende zilizokauka."

"Tuziache mteja aone tumempunja? Fungu moja litafanya nini kwenye kontena zima? Funga, mwenzangu, usinitie mkosi."

Wifi akafunga. Robota lile likasukumwa katikati kabisa, mengine yakapangwa kulizunguka, mlango ukafungwa, ukapigwa lakiri.

Tangu hapo mama yule akakosa raha. Kontena lilikuwa bado bandarini, meli inapakia taratibu, na namba ya simu ya wakala anayo. Angeweza kusema, "Fungua, tumekosea." Kila akishika simu anaona sura za wenzake, anasikia watakavyosema, anairudisha mezani. Badala yake mnajua alikwenda wapi? Alikuja huku kwetu, kanisani. Akasimama mbele za watu akasema, "Wapendwa, tuombeeni mzigo wetu. Bahari haina huruma, na wezi ni wengi." Watu wakaomba kwa moyo wote. Wifi yake amekaa benchi lile lile, anatazama vidole vyake.

Meli ikaondoka. Safari ikiwa katikati, wakala akapiga simu, sauti imembadilika. Meli imekutana na dhoruba, baadhi ya makontena yameangukia baharini, na haijulikani ni ya nani. Jamani, kilio! Akina mama wakakusanyika uani, wakafunga kula, wakaomba mpaka sauti zikakauka. Aliyelia kuwazidi wote ni yeye. Alipiga magoti kwenye udongo akimsihi Mungu ainyamazishe bahari. Wifi akamshika mkono, akamvuta pembeni.

"Wifi, mwambie Mungu na lile jingine."

"Lipi?"

"Unalijua."

"Sisi tunakaribia kuzamishiwa mali yetu, wewe unanihesabia unyevu? Kaa kimya, wifi, tafadhali!"

Akarudi kupiga magoti. Kesho yake habari ikaja: dhoruba imepita, kontena lao liko pale pale. Walivyocheza siku ile, hata majirani wasioswali wala kusali walisema Mungu yupo.

Hatimaye mteja akapiga simu. Wakaiweka mezani kwa sauti kubwa, wote wakainama kuizunguka.

"Dada, mzigo umefika! Kontena halina hata mkwaruzo. Lakiri ni ile ile mliyopiga nyinyi, haijaguswa."

Vigelegele!

"Subirini, nafungua."

Wakasikia chuma kikigongwa, mlango ukilia. Halafu wakamsikia akikohoa, anakohoa tu.

"Dada," akasema, "mlipakia nini humu?"

Ndugu zangu, jua la baharini lilikuwa likilipiga bati la kontena, unyevu wa fungu lile unapanda darini. Baridi ikiingia, unageuka maji na kudondokea marobota mengine. Kisha jua tena, kisha baridi tena, safari nzima. Nguo zote zimeota kuvu, hadi zile zilizokauka vizuri, hadi zile walizoshona wajane kwa mikono safi.

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Ni maji ya bahari, siyo?"

"Hapana, dada. Bahari haikuingiza hata tone. Haya mmeyapakia wenyewe huko nyumbani."

Sasa niambieni nyinyi mliokaa hapa: ni ombi gani Mungu alimkatalia? Aliomba dhoruba ipite, ikapita. Aliomba wezi wasiguse, hawakugusa. Alipewa kila alichoomba, akapoteza kontena zima na kazi ya mikono yote iliyoshona, kwa sababu ya jambo moja ambalo hakutaka kulitaja.

Sisi ndio hao, tusitazamane. Baba analeta ombi juu ya wabaya wake kazini, na nyumbani hajasema na mwanawe tangu Pasaka. Mama anataka watoto wake wakingwe na wachawi, na kinachowatetemesha watoto wale ni mdomo wake mwenyewe. Kwaya inaombea amani ya nchi nzima, na sauti ya kwanza haimsalimii sauti ya tatu! Mnacheka? Ninawajua.

Basi leo sipokei ombi lolote juu ya adui wala juu ya dhoruba. Tutainamisha vichwa, na sitawaongoza, maana hilo la kwako silijui. Labda mkeo analijua. Labda wifi yako, amenyamaza tu kwa sababu ulimwambia anyamaze. Na huyo unayetaka kumwomba analijua tangu siku ulipolifunga, anangoja ulitaje kwa mdomo wako. Mtajie.