Pimbi Aomba Kazi ya Lango

Hapo zamani za kale, tembo alipokuwa bado hajaambiwa kwamba ni mkubwa, Simba alitafuta mlinzi wa lango. Atakayepata kazi atapewa nyumba ya mawe pia, ndani ya ukuta.

Pimbi akasikia. Pimbi mnamjua? Yule mdogo wa kwenye majabali, mkia hana, ana meno tu. Alikuwa na mke na watoto saba, na mara kwa mara Chui aliwakimbiza kama vile hana shughuli nyingine. Pimbi aliitaka nyumba ile kwelikweli.

Siku ya usaili, mezani wameketi wawili: Simba na mshauri wake. Na mshauri mwenyewe nani? Chui! Kwenye foleni, Pimbi alihisi miguu inataka kurudi nyumbani bila yeye. Akabaki.

Akaitwa Kifaru. Kifaru, wanangu, alilinda lango la Nyati miaka kumi, hakupita hata nzi.

"Una uzoefu?" Simba akauliza.

"Aah, mheshimiwa, lango nilikuwa nalishikashika tu."

"Kushikashika? Mimi nataka wa kulishika! Anayefuata!"

Akaingia Tembo, du! du! du! Huyu aliwahi kuwatimua fisi ishirini peke yake, msitu mzima unajua.

"Nilijaribu kidogo, mheshimiwa," akasema akitazama sakafu. "Kwa bahati wakakimbia."

"Na bahati ikichelewa kuja kazini, niibiwe? Anayefuata!"

Msiwacheke. Wamelelewa hivyo: ukipika pilau watu wakalamba vidole, unasema umebahatisha. Lakini mimi nikifika hapa huudhika, maana kazi ile ilikuwa ya Tembo kabisa.

Pimbi akaingia. Akapanda kiti, bado haonekani. Akapanda meza.

"Una uzoefu?"

"Ninao. Miaka mitatu nimepambana na Chui. Tumekutana mara arobaini, na mara zote arobaini nimemshinda."

Chui akapaliwa na chai. "Khoh! Khoh! Mwongo! Alikuwa anakimbia!"

Simba akamgeukia. "Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Namkimbiza."

"Ukampata?"

"Si... sikumpata."

"Mara arobaini?"

"Thelathini na tisa," Chui akanong'ona. "Siku moja niliteleza nikaanguka kabla hatujaanza."

Simba akamtazama Pimbi kwa heshima kubwa. "Unatumia mbinu gani, Bwana Pimbi?"

"Mimi hutangulia, yeye hufuata. Nikienda kulia, anakwenda kulia. Nikiingia shimoni, anabaki nje. Kumweka Chui nje, mheshimiwa, ndiyo kazi yangu."

"Kumbe!" Simba akapiga meza, pwaa! Pimbi akarushwa juu, akatua wima. "Kazi ni yako. Chui, kampe ufunguo!"

Alasiri ile ile Pimbi akaja na mkewe na watoto wote saba, vyungu kichwani. Langoni amesimama Chui, ufunguo mkononi, mate yanamdondoka, na Simba anamwangalia dirishani. Wakampita wakitembea. Kutembea! Hata mimi ninayesimulia furaha hunijaa.

"Baba," akauliza kitindamimba, "tunaanza kukimbia saa ngapi?"

"Leo hatukimbii, mwanangu. Pokea ufunguo kwa Bwana Chui, umwambie ahsante."

"Ahsante, Bwana Chui."

Komeo likalia kacha! Chui akabaki nje, na watoto wa Pimbi wakalala usingizi mchana kweupe, wamejinyoosha uani, tumbo juu.

Basi wanangu, mkiulizwa mmefanya nini, semeni mlichofanya, wala msikipunguze.