Kindi, Ndovu na Sauti ya Mkangazi

Zamani za kale, siku ya Jumatano, kabla umande haujakauka, Ndovu alifika chini ya mkangazi wa Kindi. Alifuatana na Kifaru, na Kifaru alibeba shoka.

Ndani ya tundu la mti huo walilala watoto wanne wa Kindi. Walikuwa na umri wa siku tano. Hata macho walikuwa hawajafumbua.

"Hodi, fundi!" Ndovu aliita, akaugonga mti kwa mkonga. Majani yakapukutika.

Kindi alishuka mbio, prrr! akasimama kwenye tawi la chini. Yeye, wanangu, alikuwa fundi wa ukulele, yale magitaa madogo ya nyuzi nne.

"Karibu, Bwana Mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Jumamosi namwoza binti yangu, nataka ukulele. Usinipe wa msonobari, unalia ti-ti-ti kama kengele ya mbuzi. Wala wa mpingo, ule unalia kama mtu aliyenuna. Nataka wa mkangazi. Nimeambiwa sauti yake ni asali tupu. Tumekuja kuukata huu."

"Huu? Huu ni nyumba yangu, Bwana Mkubwa! Wanangu wamo ndani."

"Miti ni mingi. Kifaru, anza!"

Ko! Shoka liliingia kwenye gome. Kule ndani watoto wakalia, wii! wii!

Kindi alipiga hesabu. Kumhamisha mtoto mmoja kwa meno hadi mti wa jirani, kisha kurudi. Safari nne. Mti ungeanguka kabla ya safari ya pili.

"Ngoja! Ngoja kwanza!" alipiga kelele. "Mti mbichi haulii! Mbao za ukulele hukaushwa kivulini masika mawili. Ukiziunga mbichi, zinalia bu! bu! kama boga."

"Utazikausha motoni."

"Zitapasuka. Harusi imekolea, wakwe wameketi mbele, mara gitaa, paa! Vipande viwili."

Ndovu alishusha mkonga. Wakwe hao aliwaogopa.

"Ninao mmoja tayari," Kindi alisema. "Wa mkangazi, mkavu kabisa. Umo karakanani."

Hakuwa nao. Karakanani, pale chini kwenye mizizi, ulikuwepo ukulele mmoja tu, nao ulikuwa wa mfenesi.

"We Kindi, nakujua ulivyo," Ndovu alisema. "Nitajuaje kama ni mkangazi kweli?"

"Kwa masikio yako. Nitapiga mara tatu nyuma ya mkeka, utasikia sauti tatu. Wewe utasema ipi ni ya mkangazi. Nani mwingine porini ana masikio kama hayo?"

Ndovu aliyapepea, pwa! pwa! "Mimi namsikia mchwa akitafuna ng'ambo ya mto."

"Ndiyo maana nikasema."

"Haya. Lakini nisipousikia mkangazi, Kifaru anaendelea palepale alipoishia."

Kindi alitungika mkeka mlangoni mwa karakana. Mfenesi ni wa manjano na mkangazi ni mwekundu, kwa hiyo aliusugua ukulele kwa udongo mwekundu na mafuta. Kwa haraka, mafuta yakamwagika.

"Fundi! Umelala?"

"Nakaza nyuzi, Bwana Mkubwa!"

Alianza. Kwanza alizidonoa nyuzi kwa kucha, chini kabisa, pale zinapofungwa. Ti! ti! ti!

"Msonobari huo!" Ndovu alicheka. "Hata mtoto angejua."

Mara ya pili alilaza mkia wake juu ya nyuzi, akapiga. Dup. Dup. Dup.

"Mpingo! Umenuna, sikiliza."

Hapo Kifaru, ambaye haoni vizuri lakini ana pua, alisogea hadi kwenye mkeka. Fff. Fff. Pembe yake ikausukuma mkeka ndani.

"Bwana Mkubwa," Kifaru alisema, "mimi hapa nanusa mti mmoja tu. Tena unanukia kama fenesi."

Juu kwenye tundu, mtoto mmoja alilia.

"Fenesi!" Ndovu alifoka. "Tangu asubuhi wewe unawaza chakula tu! Hii ni kazi ya masikio, si ya pua. Rudi nyuma. Fundi, endelea!"

Kindi alipeleka mkono juu, karibu na shingo ya ukulele, akazipapasa nyuzi kwa nyama ya kidole gumba, polepole. Loo-lo-loo. Loo-lo-loo.

Ndovu alifumba macho.

"Huo," alisema. "Huo ndio mkangazi. Asali yenyewe."

Kindi alitoka na ukulele mwekundu mkononi. "Bwana Mkubwa, hujakosea."

Ndovu aliupokea, akaugeuzageuza. Kisha akautazama mkeka. "Na yale magitaa mengine mawili? Hebu yalete niyaone."

Kifaru alikuwa bado ameshika shoka.

"Nitayaleta, Bwana Mkubwa," alisema. "Ungependa kuyasikiliza tena? Pengine masikio yana shaka kidogo."

"Shaka? Mimi?"

"Samahani. Nilidhani unataka kuhakikisha."

"Sina cha kuhakikisha! Nimesema mkangazi, ni mkangazi. Kifaru, twende!"

"Lakini ile harufu, Bwana Mkubwa..."

"Twende!"

Ardhi ilitikisika, dum, dum, dum, mpaka wakapotea kwenye vichaka. Kindi alipanda mti, akaingia tunduni, akahesabu watoto. Wanne.

Jumamosi ukulele ulipigwa kuanzia adhuhuri hadi jua kuzama. Ndovu alimwambia kila mkwe kwamba yeye huutambua mkangazi kwa masikio tu. Kifaru alikula wali tu.

Anayejisifu kwa masikio, hudanganywa kwa masikio hayohayo.

Jumapili watoto wa Kindi walitimiza siku tisa, wakiwa bado ndani ya mkangazi, na mkangazi ulikuwa umesimama.