Mshono Uliolala, Mshono Uliosimama

Sogeeni, nina kesi ya kuwapa. Asiyependa kuumiza kichwa aende akalale, maana hata mimi imenishinda.

Hospitali moja ya huko Rungwe ilikuwa na madaktari watatu, kila mmoja na kipaji chake. Anyisile, kijana wao, alipasua kwa njia mpya: kisu kidogo, kisha nyama huitanua kwa vidole, na damu humwagika kidogo. Ambokile, mkongwe wao, hakuwahi kushindwa na mtoto aliyekaa vibaya tumboni. Lugano, mwanamke wa maneno machache, alijua kushona.

Bibi Tunsume hakumwamini hata mmoja. Hata sukari ya dukani huyu bibi aliionja kwanza ndipo alipe. Mkwewe Atupele alipofikishwa pale na uchungu, mkono wa mtoto umetangulia kutoka, bibi alikaa nje ya chumba cha upasuaji akimkazia macho kila aliyeingia kana kwamba amekuja kuiba kuku.

Akaingia Anyisile. Akakata mkato mfupi uliolala, chini kabisa ya tumbo, na mwingine kama huo kwenye mfuko wa uzazi, akatanua kwa vidole, na Atupele hakupoteza damu ya kutisha. Lakini mtoto alikuwa amekingama, na upenyo ule haukumtosha.

Akaitwa Ambokile. Akauongeza mkato wa mfuko wa uzazi kwenda juu, kama walivyokata wakubwa wake wa zamani, akashika miguu, akatoa mtoto wa kiume aliyelia mpaka bibi akamsikia kule nje.

Sasa mfuko ulikuwa na mikato miwili, na damu haikukoma. Akaingia Lugano, akashona tabaka juu ya tabaka bila papara. Bila yeye wangelazimika kuuondoa mfuko wenyewe.

Katika ukoo ule, mtoto aliyetolewa kwa kisu hupewa jina la daktari aliyewaokoa yeye na mama yake. Na somo huyo, yaani mwenye jina, si pambo: nyumba ikipata mgonjwa ndiye wa kwanza kukimbiliwa, na neno lake halipingwi. Jina ni moja tu, na mwenye kulitoa ni bibi mzaa baba.

Asubuhi moja, akimwogesha mkwewe wodini, Bibi Tunsume aliuona mshono. Dada yake alipopasuliwa zamani aliachiwa kovu refu lililoshuka kutoka kitovuni. Huu ulikuwa mfupi, umelala, na Atupele alishaanza kutembea bila kujikunja. Mwingine angeshangilia. Yeye alishuku. Mtoto aliyekingama apite hapa?

Madaktari walipopita wodini, akawasimamisha.

"Wanangu, mtoto huyu mlimtoa wapi?"

"Hapo hapo, bibi," Anyisile akasema. "Mkato huu hupona upesi, na maumivu ni kidogo."

"Nimeuliza wapi. Maumivu sijayauliza."

Wakaangaliana. Bibi akakuona kule kuangaliana.

"Ndani nilikata kusimama," Ambokile akasema mwishowe. "Nisingefanya hivyo mngemzika mtoto."

"Kwa hiyo asingoje uchungu tena," Lugano akaongeza. "Mimba ijayo apasuliwe kabla uchungu haujaanza. Mshono uliosimama unaweza kufumuka, akafa yeye na mtoto."

"Na akienda hospitali nyingine, wakauona huu wa nje uliolala?"

"Watadhani na wa ndani umelala. Wanaweza kumwacha asukume."

"Mwe! Mlikuwa mniambie lini?"

Anyisile alisema alimwachia mkubwa wake. Ambokile alidhani mwenye kusema ni aliyeshona. Lugano alikuwa akingoja aulizwe.

Hasira ilimpanda bibi, na hofu ikampanda zaidi. Lakini mtoto alikuwa ananyonya pale pale mbele yake, na mama yake anapumua. Utawatukana vipi watu waliokupa vitu viwili hivyo?

Nyumbani mwanawe, baba wa mtoto, alimtaka Ambokile. "Bila yeye, mama, jina tungempa nani? Jeneza?"

Atupele akadakia: "Mimi ndiye niliyekatwa. Kama natembea, ni Anyisile. Na nikijaliwa kuzaa tena, ni Lugano."

"Na nisingeuliza," bibi akajibu, "ungekufa kwa mkono wa wote watatu."

Kumnyima mtoto jina la daktari hakukuwezekana. Ukoo ungesema bibi amemkataa mjukuu. Jumapili ya ubatizo ikafika. Madaktari walikuja wote, wakaketi benchi moja, kila mmoja shingo imemrefuka. Mchungaji akachota maji kwa kiganja.

"Jina la mtoto?"

Bibi Tunsume akamtazama aliyelinda damu ya mama, akamtazama aliyemtoa mtoto, akamtazama aliyeokoa kizazi. Wote walifanya kazi, na wote walinyamaza. Akafungua kinywa.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, mchungaji anangoja na maji yanavuja vidoleni. Mgonjwa wa nyumba yako ungemkabidhi yupi kati ya hao? Litamke jina lake.