Nyaya Kumi na Moja

Mfano huu aliutoa kwanza shangazi yangu, Mwinjilisti Nakijwa Mbwambo, katika usharika huu huu, Jumapili ya pili ya Novemba mwaka 2023. Wapo wanaosema ilikuwa mwaka 2022. Hapana. Mwaka 2022 kanisa lilikuwa halijaezekwa upya, na siku ile mvua ilipiga mabati mapya hadi ikambidi apaze sauti. Alisimuliwa na mwanafunzi mwenyewe. Jina lake ninalo, silitaji, aliomba hivyo.

Kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa uhandisi, binti, aliyekwenda mafunzo kwa vitendo katika ofisi inayochora chipu za akili mnemba, yaani vile vipande vinavyokaa kiganjani na kuzifanya komputa zijibu maswali. Kazi yao ni kupanga: kipi kikae wapi, na waya upi upite wapi. Ramani ya chipu ilikatwa viwanja, kila mwanafunzi akapewa kimoja. Penye kosa, komputa iliweka alama nyekundu. Ijumaa msimamizi angekagua. Mwenye wekundu kitabu chake cha mafunzo kisingesainiwa, na bila saini mtu hahitimu.

Jumatatu kiwanja cha binti kilikuwa na wekundu kona nzima, nyaya zimebanana. Jumatano asubuhi kilikuwa safi. Alifanyaje? Alizichukua nyaya kumi na moja akazisukuma nje ya mpaka, zikapite kwa jirani. Komputa ilikagua kila kiwanja peke yake, kwa hiyo haikumwuliza kitu.

Jirani alikuwa mwanafunzi mwenzake. Akamjia mezani.

"Dada, mbona kwangu kumejaa nyaya nisizozijua?"

"Kwangu kuko safi, kaka. Angalia kwako."

"Jana sikuwa na wekundu hata mmoja!"

"Basi umelala vibaya. Nenda kaangalie kwako."

Kijana akaenda kuangalia kwake. Mchana ule ule aliitwa chuoni kufanya mtihani wa marudio, akaondoka bila kumaliza. Msimamizi, mama mtu mzima, akamgeukia binti.

"Wewe umemaliza mapema, mwanangu. Chukua kiwanja cha mwenzako. Na hicho nitakikagua Ijumaa kwa jina lako."

Binti akakifungua. Kilikuwa chekundu kama mtoto mwenye surua. Alihangaika nacho hadi Alhamisi mchana, kisha akapiga meza.

"Mama, ni mtu gani asiye na akili aliyepitisha nyaya hapa? Alidhani hapa ni njia ya mbuzi?"

"Sijui," msimamizi akasema. "Ubofye waya mmoja, komputa itakuambia aliyeuweka."

Akabofya. Likatokea jina lake. Akabofya wa pili, jina lake. Alipofika wa tano, mtu wa meza ya nyuma akasema, "Endelea, dada, labda wa mwisho ni wa mbuzi." Ofisi nzima ikacheka. Msimamizi peke yake hakucheka.

"Wiki mbili nasema, na nimechoka kusema: hii ni chipu moja! Mnadhani kiwanda kitachapa kiwanja chako peke yake?"

Binti akazirudisha nyaya zote kumi na moja kwake. Kiwanja chake kikawa chekundu tena. Ijumaa kitabu hakikusainiwa. Wenzake walirudi chuoni wakamwacha, naye akakaa wiki tatu zaidi, akazipanga upya moja moja, ndipo akapata saini.

Ndugu zangu, siku ile tulicheka. Tulikuwa tunamcheka nani?

Maana shangazi alisubiri kicheko kiishe, akatuuliza kuhusu viti. Akina mama walikuwa na viti kumi na vinane vilivyovunjika. Walivitengeneza? Walivisukuma kwa kwaya. Kwaya ikavisukuma kwa vijana. Vijana wakavitia katika chumba cha Shule ya Jumapili, kwa sababu watoto hawana mwenyekiti wa kulalamika. Kisha kila kikundi kikaandika taarifa ya mwaka: kwetu kuko safi. Taarifa hizo ninazo nyumbani, zote tatu, na sahihi zake.

Na si viti tu. Hasira ya kazini tunaimwaga kwa mke. Mgonjwa wa ukoo tunamwachia dada asiyeolewa, halafu tunasimama hapa kushuhudia kwamba nyumba zetu zina amani. Amani hiyo imetoka wapi? Nani anaibeba? Mbele za Mungu sisi ni ramani moja. Hatatuuliza kama kwetu kuko safi. Atabofya.

Shangazi alifariki Februari mwaka jana. Msimamizi amestaafu, yuko hai. Binti na mwenzake wako hai, wote wamehitimu. Viti viko kule kule. Jumapili iliyopita kimoja kilimwangusha mtoto. Na wenyeviti watatu waliosaini taarifa zile, wote wako hai. Nimewaona wakiingia asubuhi hii.