Kiberiti cha Bi Mwanakombo

"Ukiungisha ghala, funga duka." Mmeisikia leo kwa mjomba wenu, mkacheka, mkaja kuniuliza imetoka wapi. Kaeni, nitawaambia ilikozaliwa. Lakini kwanza, kitendawili.

"Tega, bibi."

Mlango wake mpana kuliko yote mtaani, na hakuna anayebisha hodi.

"Kaburi," akasema Mishi.

Kaburi lina wageni wengi kuliko mimi, mjukuu wangu. Mmeshindwa. Nipeni mji.

"Tumekupa mji wetu huuhuu."

Haya, nitaukumbuka. Sasa sikilizeni.

Zamani mjini hapa palikuwa na mtaa ukiitwa Mtaa wa Vifungo. Fremu zake zilikuwa za vitambaa, uzi, zipu, na mafundi cherehani barazani. Mtu akija kununua kanga, alipindiwa pale pale. Akingoja, alikunywa chai kwa Mama Sikujua. Duka moja lililisha jingine. Na halmashauri iliandika katika sheria ndogo zake kwamba mtaa ule ni wa maduka, si wa kuhifadhia mizigo.

Duka la vifungo lilikuwa la Bi Mwanakombo, rafiki yangu. Aliachiwa na mama yake, naye hakuwa na kingine duniani. Mimi cherehani yangu ilikaa barazani kwake.

Mwaka mmoja akaja Bwana Kisauti, akakodi fremu tatu katikati ya mtaa. Akabomoa kuta za ndani zikawa chumba kimoja, akaziba madirisha kwa mabati. Siku ya kufungua aliweka meza mlangoni, na juu ya meza viberiti. Viberiti tu.

Sasa nyinyi mmezaliwa juzi, hamjui. Desturi yetu ilikuwa kwamba jirani mpya akifungua biashara, haachwi hivihivi. Unakwenda, unanunua kitu kidogo, hata kama hukihitaji, ili mkono wake uwe mwepesi. Huko ndiko kuungisha. Bi Mwanakombo akawa wa kwanza. Akachukua kiberiti kimoja.

Bwana Kisauti akatoa kitabu cha risiti. "Jina lako nani, mama?"

Bi Mwanakombo akacheka. "Risiti ya kiberiti? Basi nikinunua kuni utaniandikia hati ya shamba."

"Mimi napenda mambo yaandikwe, mama."

"Haya, andika. Mwanakombo binti Shee. Mungu akufungulie riziki."

Tukafuata sote, na mimi nikiwemo. Kila mmoja akapata kiberiti chake na risiti yake.

Kesho yake meza haikuonekana. Yakaja malori. Yalishusha magodoro, vigae, mabomba, yakaziba njia kuanzia asubuhi hadi alasiri. Mnunuzi wa vifungo hapiti chini ya lori na mtoto mgongoni. Wateja wakapungua, kisha wakasahau njia. Mama Sikujua akazima jiko lake. Tukapeleka malalamiko halmashauri: lile si duka, ni ghala.

Siku ya kusikilizwa tulivaa kanga mpya kama waendao harusini. Mwenyekiti akamwambia karani asome sheria. Karani akasoma: duka ni mahali ambapo mtu huja, akanunua bidhaa. Bwana Kisauti hakubishana. Alifungua bahasha, akapanga risiti zetu mezani.

Mwenyekiti akainua moja. "Mwanakombo binti Shee ni nani?"

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Ulinunua kiberiti?"

"Sikununua. Nilimuungisha."

"Kuna tofauti gani?"

"Anayenunua ana haja na kitu. Anayeungisha ana haja na jirani. Kiberiti chenyewe kipo nyumbani, sijakifungua."

Karani akageukia karatasi yake, akaipitia kwa kalamu juu hadi chini. Alikuwa kijana mpole, nadhani alituonea huruma. "Bibi, hapa pana 'alinunua' na pana 'hakununua'. Neno lako halipo. Niandike lipi?"

Nilimwona rafiki yangu akitafuta neno. Kusema hakununua, basi, kungekuwa uongo, maana pesa alitoa, na risiti ilikuwa pale, yenye jina la baba yake.

"Andika nilinunua," akasema.

Ikaamuliwa kwamba lile ni duka lenye stoo kubwa. Mwaka haukwisha, wenye nyumba wengine wakaona kodi ya ghala ni nono, wakatuondoa mmoja mmoja. Bi Mwanakombo alikuwa wa mwisho. Siku aliyofunga, alipanga vifungo vyake makoponi kwa rangi, kana kwamba angefungua kesho. Akafunga kufuli, akanitazama.

"Mwenzangu," akasema, "ukiungisha ghala, funga duka."

Maneno yakaenea mji mzima. Ndiyo hayo mliyoyacheka asubuhi.

"Lakini bibi," Mishi akauliza, "mtu akija na biashara ya kweli, asiungishwe?"

Hapo ndipo panaponiuma. Baada ya yale alikuja mama mmoja, mgeni, akatandika ungo wa mandazi kwenye kona. Mandazi mazuri, harufu yake ilifika kwangu. Tulipita, tukamsalimia, hakuna aliyenunua. Kila mtu aliogopa kuwa wa kwanza. Jioni alifunika ungo wake, akaenda, hatukumwona tena. Na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopita.

Bi Mwanakombo alipofariki, nilikwenda kumpangia vitu vyake. Kiberiti nilikikuta kabatini, hakijafunguliwa.

Jibu la kitendawili ni ghala. Na ule mji mlionipa, wajukuu zangu, sina cha kuwarudishia. Sisi tulikwishautoa, siku ile halmashauri ilipotutegea duka ni nini tukashindwa kutegua.

Ukiungisha ghala, funga duka.