Jumla ya Kuku wa Mughumbi

Kuku mia moja na tisa walikufa Mughumbi katika siku kumi. Mdondo, ule ugonjwa wa kuku, uliwaua, lakini mlango ulifunguliwa na neno moja tu, neno "jumla". Ndiyo maana wazee wa huku husema: haba na haba hujaza kibaba, jumla na jumla hukiacha kitupu. Nyie mmeisikia leo pale mashineni, mkacheka, kisha mkauliza imetoka wapi. Kaeni basi. Methali hii ina mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni mtu aliyekuwa na haraka.

Aliitwa Gabrieli Nkinda, mchanjaji wa kuku. Alikuwa ameoa hapo hapo kijijini, na mkewe, Eliwaza, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mnajua desturi: binti akijifungua, mama yake humletea kuku, na mzazi hunywa mchuzi siku arobaini mpaka damu irudi mwilini. Mama yake Eliwaza, Bi Nyanzala, alikuwa amewatunza kuku wake kwa kazi hiyo. Eliwaza hakuwa na mwili mkubwa, na uzazi wa kwanza ulikuwa umemwacha hoi. Kwa hiyo Gabrieli alipopata habari kwamba mdondo umeingia kijiji cha pili, hakulala vizuri.

Dawa ilikuwa wilayani, siku nzima kwa baiskeli kwenda na siku nzima kurudi. Chupa moja ilikuwa na matone mia, na kila kuku hutiwa tone moja jichoni. Ukishaifungua chupa, uimalize, haihifadhiki. Na dawa ya ghalani ilikuwa chache. Hivyo ilimbidi ajue mapema kijiji kina kuku wangapi.

Alimwendea mwenyekiti, Mzee Kisuda. Mzee akamwambia kwamba watu wa Mughumbi hawataji hesabu ya kuku wao kwa mdomo, kwa sababu ukitaja, mwewe anasikia. Njia ya zamani ilikuwa kupitisha kibaba nyumba kwa nyumba. Kila mwenye kuku anadondosha punje moja ya mahindi kwa kila kuku, mkubwa kwa kifaranga, kisha punje zinahesabiwa. Punje si kuku, mwewe hana neno nayo.

Gabrieli akauliza hicho kibaba kitachukua muda gani kuzunguka nyumba thelathini na moja. Akaambiwa siku tatu, labda nne, maana kila nyumba lazima ikukaribishe. Akasema hana siku nne za kuchezea mahindi. Atauliza mwenyewe, atapata jumla, ataondoka kesho. Mzee Kisuda akageukia kazi yake. Mzee akigeuka hivyo si kwamba amekubali.

Basi akaanza na Mzee Kisuda huyo huyo. Akafungua daftari, akauliza, "Kuku wako jumla yao?"

"Kwa jumla hawajambo," mzee akajibu. "Isipokuwa yule jogoo, ana kikohozi."

Gabrieli akauliza tena, akajibiwa tena kwamba kwa jumla hawajambo. Akauma meno, akaandika kumi kwa kukisia.

Nyumba ya pili mwenye nyumba alisema kwa jumla hauzi, anauza mmoja mmoja, na wachuuzi wote ni wezi. Gabrieli akamweleza kwamba yeye hanunui. Yule bwana akasema hata mchuuzi wa mwaka jana alianza hivyo hivyo, na Gabrieli akaandika watano kwa kukisia. Nyumba ya tano mume alisema jumla yake ni wanne. Mkewe akacheka kule jikoni, kwa sababu wanne walikuwa wa mume, na wa mke hawakuulizwa. Nyumba ya tisa walitaja kuku wazima tu, kwa kuwa kifaranga ni mali ya mwewe mpaka aote mabawa. Kufika jua la mchana Gabrieli alikuwa anauliza kwa sauti ya mtu anayegombana, na watu wakawa wanajibu kwa namna ya watu wanaogombezwa, yaani lolote lile ili aondoke.

Kwa Bi Nyanzala alifika mwisho. Huyo ni mkwe, na mkwe hujiingilii uani kwake. Alisimama nje ya ua wa miiba, akatazama chini, akauliza kwa adabu zote, "Shikamoo mama. Naomba jumla ya kuku."

"Marahaba, baba," Bi Nyanzala akasema. "Wa jumla watakuwa watatu."

Akaandika watatu. Moyoni alishangaa, maana mkewe alikuwa akimwambia mama ana kuku wengi. Lakini utamwulizaje mkwe mara mbili? Akaaga.

Usiku akajumlisha. Ilitoka mia mbili themanini na saba. Akaenda wilayani, akarudi na chupa tatu, matone mia tatu, akiona amejiwekea akiba ya kutosha. Mtunza ghala alimwambia waziwazi kwamba dawa nyingine ni mwezi ujao.

Siku ya kuchanja alianza tena kwa Mzee Kisuda. Badala ya kuku kumi, walitoka ishirini na tatu. Akawachanja wote, na alipomaliza, akiba yake yote ya matone kumi na tatu ilikuwa imekwisha kwenye nyumba ya kwanza.

Hapo hasira ikampanda. Akasema kuanzia sasa ni daftari tu. Uliyesema wanne, wanne ndio hao, chagua. Watu wakalalamika, wengine wakamtukana. Yule bwana wa nyumba ya pili alisimama na matenga mawili yamejaa kuku, ameruhusiwa watano, akasema, "Ungesema ni dawa." Gabrieli akamwambia kwamba alikwisha kusema. "Ulisema jumla," yule bwana akajibu. "Jumla ni biashara."

Akafika kwa mkwewe jua likiwa linaegemea, na chupa ina matone matatu. Safari hii Bi Nyanzala alitoka nje ya ua mwenyewe, na nyuma yake wajukuu wamebeba matenga. Kuku kumi na saba.

Gabrieli akasahau kutazama chini. "Mama, ulisema watatu."

"Ulitaka wa jumla. Nikaona mkwe wangu ana shida, anataka kuuza. Watatu ndio ningeweza kukupa. Hawa wengine ni wa Eliwaza, ningewauzaje?"

"Mimi niliuliza hesabu yao wote."

"Basi ungesema wote."

Alimwonyesha chupa. Bi Nyanzala akaitazama ile dawa iliyobaki chini ya chupa, akatazama matenga. Hakupiga kelele. Akaomba aletewe kibaba chake cha kupimia mtama, akakishika mdomo ukitazama juu, kitupu.

"Mzee Kisuda alikupa hiki," akasema. "Tungekitia punje moja moja, hakuna ambaye angekosea. Haba na haba hujaza kibaba, baba. Wewe umekusanya jumla yangu, na jumla ya Kisuda, na jumla ya yule wa pili, na yako mwenyewe. Jumla na jumla hukiacha kitupu."

Akachagua matetea watatu kwa mkono wake. Gabrieli akawatia matone, na chupa ikaisha.

Mdondo uliingia wiki ya tatu baada ya kuchanja. Ulipopita, Mzee Kisuda alipitisha kibaba nyumba kwa nyumba. Zilidondoshwa punje mia tatu na moja, na waliokufa walihesabiwa kwa vidole, maana mwewe hana haja nao tena. Gabrieli ndiye aliyekibeba kibaba, siku nne kamili, akikaribishwa kila nyumba na kunywa kila uji aliopewa. Tangu hapo hakuuliza tena jumla ya kitu Mughumbi. Na kila mtu akija na haraka zake kutaka neno moja limtoshe kwa mambo yote, watu humwambia: haba na haba hujaza kibaba, jumla na jumla hukiacha kitupu.

Eliwaza alijifungua mtoto wa kike. Kati ya kuku kumi na saba wa mama yake walikuwa wamebaki watatu. Kuku mmoja, ukimbana sana, ni mchuzi wa siku tatu. Siku tisa alikunywa mchuzi. Siku thelathini na moja alikunywa uji wa mtama, na maziwa yakamkauka kabla hazijaisha. Tisa na thelathini na moja. Jumla, arobaini.