Tone Jipya Juu ya Uchafu wa Zamani

Sikilizeni, wapendwa. Palikuwa na mstaafu mmoja aliyependa kutengeneza saa za mkono. Hakuwa fundi, alikuwa anapitisha muda tu. Lakini kwa mafuta ya saa, bwana huyo alikuwa na makuu. Aliagiza kichupa kutoka ng'ambo, kidogo kama cha dawa ya macho. Alikizungushia kitambaa cheusi kisipigwe na mwanga, akakiweka kabatini penye ubaridi, na hakuchovya sindano kabla hajaipangusa. Mkewe mwenyewe hakuwahi kutunzwa hivyo.

Dada yake alikuwa mjane, na saa ya marehemu mumewe ilikuwa imesimama. Bwana huyu akaiomba aitengeneze. Tangu matanga walikuwa hawasemezani vizuri, naye akaona hapa ndipo pa kupatania. Akafungua kifuniko. Ndani, mafuta ya zamani yalikuwa yameganda, yamekuwa gundi nyeusi. Saa ikifika hapo unaifungua yote, unaosha kipande kimoja kimoja, ndipo unatia mafuta. Yeye akaona uvivu.

"Mafuta yangu ni ya daraja la kwanza," akajisemea. "Yatajipenyeza yenyewe."

Akadondosha tone, akatia ufunguo, saa ikaanza kwenda. Akaipeleka kwa dada yake, kifua mbele. Kabla chai haijapoa, ikasimama.

"Basi niongeze tone jingine," akasema.

"Kaka, ndani uliosha?"

"Kuosha kuna kazi, dada. Lakini mafuta haya si ya mchezo."

"Sufuria ikishika ukoko, unamimina mafuta mapya juu yake ukaange?" Dada akauliza kwa hasira. "Ndivyo unavyonifanya na mimi. Ulisimama kwenye matanga ya mume wangu, mbele ya wakwe zangu, ukasema mimi ndiye niliyemmaliza. Tangu siku hiyo unaniletea sukari, unaniletea kitenge, leo saa. 'Nisamehe' hujaitamka."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Huyu hakuchutama. Alichukua kichupa chake, akakizungushia kitambaa vizuri, akaenda zake. Aliona afadhali ampoteze dada yake kuliko kutamka neno moja.

Mnacheka? Mnamcheka nani? Si sisi hawa? Tunapanga foleni kununua mafuta ya upako, tunayafunga kwa leso, tunayaweka juu ya kabati watoto wasiyaguse, na jirani tuliyemsingizia tunapishana naye kwenye mlango wa kanisa hili hili bila salamu. Inaudhi. Inachukiza. Mungu wetu ni wa kudanganywa kwa tone? Nani alitufundisha kuomba upako juu ya matusi ambayo hatujayaombea radhi?

Wazee wa kanisa, viwekeni chini vikapu vya sadaka. Leo hatuanzi na hivyo. Kila mmoja wetu anamjua aliyemkosea, na wengi wao wameketi humu humu. Inuka umfuate. Tutakungoja.